Korola ya Mzee Koikai Inakazwa

Jumatatu, 2 Desemba

Mzee Koikai kaleta Korola yake gereji, hapa Sokon One. Gari lina umri mkubwa kuliko ndoa ya wazazi wangu. Kioo cha mbele kimepasuka mara ya tatu na bodi inalia kama kitanda cha gesti. Sababu inajulikana. Anabebea kondoo na madumu ya maziwa kutoka Oldonyosambu, na ile njia inalinyonga gari kama nguo inayokamuliwa.

Ludovick, fundi wetu mkuu, Mmachame mwenye maneno mengi, akasema dawa ni vyuma vya kukaza bodi: kimoja juu ya injini, vingine chini ya tumbo. Halafu akasikitika kwamba yeye anakwenda Usa River kutengeneza lori la shamba la maua. Alisikitika vizuri sana, kama mtu aliyejifunza. Mama Anande, mwenye gereji, akauliza nani atafanya. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza.

Mama akasema kazi ikitoka vizuri, kuanzia Januari mimi si saidia fundi tena. Nitaitwa fundi. Ikiharibika, naosha injini mpaka nizeeke. Miaka saba nimeshika spana za wenzangu. Na kule Kasulu mama yangu ameshatangaza kanisani kuwa mwanawe ni fundi mkuu wa Arusha. Nilimwambia mimi. Si vizuri kumfanya mama mzazi aonekane mwongo, kwa hiyo lazima iwe kweli.

Gari linatakiwa Jumapili. Namelok, binti wa mzee, anapata kipaimara.

Jumanne, 3 Desemba

Vyuma vyenyewe vinaagizwa Dar. Ludovick angeagiza. Watu wasio na akili huagiza.

Nimevua mabomba ya mraba ya kitanda changu. Chuma kizuri, kimenibeba miaka minne bila kulalamika, na mimi si mwepesi. Nimelala sakafuni. Mgongo umekataa, lakini mgongo haujasoma hata darasa la tano, utaniambia nini?

Vipimo nimechukua kwa kamba. Futi ya gereji iko kwenye sanduku la Ludovick, na sanduku lina kufuli. Ndivyo walivyo wakubwa.

Jumatano, 4 Desemba

Siku kubwa. Shimo la gereji limekaliwa na basi bovu, kwa hiyo Korola nimeinyanyua mwenyewe. Kona ya mbele kushoto juu ya ringi tatu. Ya nyuma kulia juu ya jeki. Kona mbili zilizobaki zinaning'inia. Nikaingia chini, nikatoboa, nikafunga. Chuma cha katikati hakikutaka kuingia, nikakishawishi kwa nyundo. Kikaingia. Nikapiga bodi teke: kimya. Nikakalia boneti: kimya. Gari limekuwa jiwe.

Jioni Ludovick karudi. Akainama, akachungulia kwa muda, akauliza kama nilikaza nati gari likiwa hewani hivyo hivyo. Nikamjibu ndiyo, na kama anataka masomo aje na daftari. Alitoa simu akapiga picha kazi yangu, picha nne.

Mwizi! Kesho kutwa utasikia mji mzima unakaziwa magari kwa mtindo wa Ludovick.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimemkomesha. Asubuhi, kabla hajafika, nimechomelea kila nati. Kumi na sita. Sasa hakuna wa kufungua na kuiga. Mama Anande kaona cheche, kauliza. Nikamwambia ni usalama wa mteja. Akasema vizuri, anapenda mtu anayejali mteja. Ludovick alipofika, nikamtazama. Alikuwa anatafuna muwa na kutabasamu.

Nikaishusha Korola.

Mlango wa dereva unafunguka, haufungi. Milango ya nyuma imefungwa, haifunguki. Wa abiria, mbele, unafunguka mpaka katikati, halafu unafikiri.

Wajapani hawa walijenga gari vibaya tangu mwanzo, na lilikuwa linalegea ili kuficha.

Ijumaa, 6 Desemba

Mzee Koikai kaja kuchukua gari. Shikamoo nimempa mbili, ya kawaida na ya tahadhari. Tukaenda kujaribu mpaka Lemara, mimi nimeshika mlango wake kwa mpira wa tyubu. Gari halikulia hata kidogo. Mzee alifurahi kweli. Akasema, ero, yaani kijana kwa Kimaasai, hili sasa limenyamaza kama mtu aliyeshinda kesi.

Kuhusu milango, nikamweleza kitaalamu: bodi ikikazwa, milango huchukua siku tatu kuzoea. Aliutazama mlango. Akanitazama mimi. Akasema ana beberu mmoja nyumbani huwa anamtazama namna yangu akishakula mahindi. Sikuelewa anamaanisha nini. Nikamfungia mlango kwa mpira, nikamwonyesha jinsi ya kupitia buti ikibidi. Akaniachia mwaliko wa Jumapili, mimi na gereji yote. Mtu mwenye adabu.

Jumapili, 8 Desemba

Tulikwenda na gari la Mama Anande, Ludovick kiti cha mbele, bila shaka. Uwanja wa kanisa umejaa. Matarumbeta yako tayari. Watoto wa kipaimara wanashuka kwenye magari mmoja mmoja, na kwa kila gari matarumbeta yanapiga.

Korola ikaja. Kimya kabisa, nilijivuna. Mzee Koikai akajaribu mlango wake. Mpira ulikuwa umeshika vizuri kuliko nilivyotaka. Wa abiria ukafika katikati, ukafikiri. Wa nyuma, wala. Matarumbeta yalipiga, yakapumzika, yakapiga tena. Mwishoni mzee akapita juu ya viti, akafungua buti kwa ndani. Kwanza akashuka kondoo wa sherehe. Halafu mama wa Namelok. Halafu Namelok mwenyewe, kinyumenyume, gauni jeupe, majani makavu mgongoni.

Akajikung'uta, akasema bila kupaza sauti, "Baba, nimekuja kupata kipaimara. Si mnadani hapa."

Hata mchungaji aligeuka kando kuficha kicheko.

Ludovick alikuwa ameshalala chini ya gari, na suti yake. Akaeleza huko huko, kwa sauti ya kusikika mpaka madhabahuni, kwamba gari hukazwa likiwa limesimama kwa miguu yake minne. Ukilikaza likiwa limepinda hewani, vyuma vinalishika hivyo hivyo limepinda. Lakini si tatizo, akasema, tunalegeza nati, tunakaza upya, dakika ishirini. Kisha akapapasa nati moja, akatoa kichwa nje.

"Nani kachomelea nati?"

Niliangalia Mlima Meru. Ulikuwa umetoka wote, bila wingu.

Mama Anande akamuuliza mzee kazi ilifanywa na nani. Anajua, lakini aliuliza. Mzee Koikai hakukasirika. Akanishika bega, akanisogeza mbele ya watu wote, wazee wa kanisa, wamama wenye shanga, matarumbeta.

"Fundi wangu ni huyu."

Fundi! Mbele ya usharika mzima. Miaka saba sijaitwa hivyo na mtu mzima mwenye akili zake. Wengine walicheka, lakini kuna watu hucheka kwa furaha.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, gereji imefungwa. Imefunguliwa kwa ajili ya Korola tu, na kwa ajili yangu, niifagie. Ludovick kakata vyuma vyote kwa grenda asubuhi, na milango ikafunguka yote kwa mkupuo, kwa chuki. Ameagiza vipya Dar. Mama Anande kasema Januari naosha injini, na Februari, na miezi mingine ataniambia. Hakufoka. Angefoka ningejisikia vizuri zaidi.

Nimempigia mama Kasulu, nimemwambia nimetajwa kuwa fundi kanisani, mbele ya mchungaji. Amelia. Atatangaza tena.

Nimefikiri sana juu ya kosa. Nimelipata. Nati kumi na sita ni chache. Kama zingekuwa ishirini na nne, Ludovick angekata tamaa kabla milango haijafunguka.

Mama Anande kaacha Noah yake hapa, keshokutwa anakwenda nayo Machame kwa Krismasi. Jana tulipopita kwenye matuta niliisikia inalia kidogo, upande wa nyuma. Hajaniomba. Lakini atakapoona imenyamaza, atabadili maneno yake mwenyewe.

Nimeshainyanyua kona mbili.