Kiti cha Mbele kwa Mkwe wa Felista

Jumatatu, 3 Machi 2025
Ushirika wetu wa kakao hapa Kyela utapeleka mtu mmoja Arusha, kwenye mazungumzo ya biashara huria na nchi za ng'ambo. Wenzetu wa huko wanataka kifungu cha haki za binadamu: kakao isisamehewe ushuru kama wanawake wanaoilima hawana sauti. Ijumaa kuna mdahalo, mshindi ndiye msafiri. Rasimu nimeisoma mara tatu, kamusi pembeni. Nimepangiwa kupinga kifungu. Kutetea kapewa Felista, mke wa Nelson wa Ngana. Watu wanasema anajua kuongea. Sijawahi kumsikia. Sawa, nimemsikia mara nne, hana jipya.

Jumatano, 5 Machi
Dawa imepatikana. Kwetu mkamwana hakai mbele ya baba mkwe, hata jina lake halitaji. Nimeendesha baiskeli hadi Ndandalo kwa Mzee Anyelwisye, baba yake Nelson. Nikamwambia ushirika umemtengea kiti cha mbele kabisa. Akauliza kama kutakuwa na wali. Nikasema wali kwa samaki mbasa. Akashukuru, ndaga fijo, kumbe bado mnatukumbuka.

Ijumaa, 7 Machi
Felista kafika mlangoni, kamwona mkwe, kajitanda khanga, karudi nje. Nikasimama nimetulia. Nikasema kifungu hiki kinatutukana, maana Kyela hakuna mwanamke anayezuiwa kusema. Makofi machache, ila yalikuwepo. Bwana Wilbroad, afisa biashara aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, akauliza mpinzani yuko wapi. Katibu Asifiwe akamjibu yuko nyuma ya ukuta, mkwe wake yumo ndani.

Ndipo sauti ikaingia dirishani. Felista akasema kuvundika kakao ni yeye, kuanika ni yeye, kadi ya ushirika ni ya Nelson, na leo mdahalo anaufanyia migombani. Aliyemleta mkwe kamrahisishia hoja. Watu wakacheka hadi wakapiga mabenchi. Bwana Wilbroad akajaza kurasa mbili. Mzee akaninyooshea fimbo, akasema kaletwa na huyu, na mbasa wenyewe hajawaona. Akatoka kwa mlango wa nyuma ili mkamwana aingie.

Kura: yeye sitini na moja, mimi nne.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemuuliza mke wangu Catheline alimpigia nani. Akasema kura ni siri, na hiyo nayo ni haki ya binadamu. Kisha akabeba hotipoti ya wali na mbasa, akampelekea Mzee Anyelwisye. Mimi nimekula ndizi.

Jumatatu, 10 Machi
Felista anaondoka Alhamisi. Ushirika umemshonea gauni. Nimejitafakari kwa unyenyekevu na kosa langu nimeliona: mlango wa nyuma.

Ila nasikia Nelson ana baba mdogo Arusha. Kwa mila zetu, huyo naye ni mkwe. Namba yake ninayo. Nimeshamuuliza kama anapenda nyama choma.