Mafuta Machafu kwenye Shimo la Tisa

Jumatatu, 3 Novemba

Viza yangu inaisha tarehe 16. Siku kumi na tatu! Leo polisi walisimama kwenye mlango wa treni ya chini hapa Sanyuanli, mtaa wetu huku kwa Wachina, wakikagua pasipoti. Yangu ni halali kabisa. Mtu aliyefika Dubai mara nne na Istanbul mara mbili, nikajificha nyuma ya mama wa Kichina mwenye mkokoteni wa viatu!

Nahitaji kampuni iniandikie barua ya mwaliko. Bila barua hakuna kuongezewa siku. Rodgers, ninayeishi naye chumba kimoja, karani wa ofisi ya mizigo, Mmachame anayejiona Mwingereza kwa sababu aliwahi kubadilisha ndege London, kanishauri nianze kufunga mabegi. Kaniletea na mizani. Akasema ndege inaruhusu kilo arobaini na sita tu, kwa hiyo maneno yangu niyaache hukuhuku, yatazidisha mzigo. Nyoka!

Jumanne, 4 Novemba

Mungu hajalala! Nimekwenda Zhanxi, soko la nguo, kwa Bosi Liang, yule ninayenunua kwake fulana za kola. Sisi sote tunamwita laoban, yaani bosi. Nikakuta picha mpya ukutani, kiwanja cha gofu. Kumbe ni chake yeye na shemeji zake, kiko nje ya jiji upande wa Conghua. Kilichakaa, sasa wanakifufua kiwe cha Kiingereza cha zamani, kile kinachofanana na bustani ya lodi, yaani bwana mkubwa wa kule. Miti mikubwa, vilima vya majani, bwawa. Jumatano ya wiki ijayo anakuja mzee wa Kiingereza, fundi wa kuchora viwanja hivyo, kukikagua. Akikipitisha, laoban ametoka.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema nimekulia ndani ya kiwanja cha Kiingereza. Hilo ni kweli. Baba alifanya kazi kwenye shamba la chai Mufindi, na mabwana wa chai walijijengea mashimo tisa ya gofu. Nikasema nilikuwa msimamizi. Hilo ni kweli kidogo, nilikuwa navuta gunia la kusawazisha mchanga. Nikasema nilikichora upya mimi mwenyewe. Hilo tuliache.

Laoban kanishika mikono yote miwili. Nimsaidie mpaka Mwingereza apitishe, na barua ataiandika yeye, mhuri mwekundu, miezi sita. Miezi sita! Nimerudi nyumbani naimba. Ngazi ya nne nikakumbuka kwamba niliacha shule kidato cha pili. Nikaacha kuimba.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekwenda Conghua na Sia. Huyu ni binti wa Marangu, anasomea udongo chuo kikuu hapa kwa ufadhili, anaongea Kichina kama kazaliwa nacho. Ananiita Kaka Niko, namwita mdogo wangu. Mlinzi wa geti alitaka jina na kazi. Nikamwandikia Sia "mtaalamu wa udongo, mshauri mkuu". Sia akasema kaka, mimi nimekuja kutafsiri tu. Nikamwambia asaini, ni geti tu, siyo ndoa.

Jamani, kile kiwanja! Unatembea huogopi chochote, halafu ghafla unaogopa. Njia ya majani inaanza pana, inajikunja nyuma ya mikafuri, huoni mwisho wake. Kila shimo lina sura yake. Mashimo ya mchanga, ile mitego ya mpira, yamekaa kama midomo inayosubiri kulishwa. Nilikuwa nasema "nzuri, nzuri" na kutikisa kichwa polepole, kama daktari asiyejua ugonjwa.

Saa sita Sia akawahi darasani. Tukafika shimo la tisa mimi na laoban na simu yake ya kutafsiri. Ile grini, yaani zulia la majani yaliyonyolewa penye shimo lenyewe na bendera, ilikuwa imetota maji. Kila mvua inatota. Laoban kauliza Waingereza wangefanyaje.

Hapo nilikuwa na jibu! Nikasema Waingereza halisi hawaweki majani pale. Wanaweka mchanga uliochanganywa na oili chafu ya injini, ukavutiwa gunia mpaka unang'aa. Mufindi yote tisa yalikuwa hivyo. Laoban kashangaa. Kauliza kama nina uhakika. Nikamwonyesha viganja vyangu. Kamwambia msimamizi wa vibarua, nifanyiwe ninavyotaka, shimo la tisa tu. Yeye kapanda ndege ya Shanghai, anarudi Jumanne.

Ijumaa, 7 Novemba

Tumemaliza. Majani yote tumekwangua. Mchanga tani tatu, oili chafu mapipa mawili kutoka kwenye mashine za kukatia majani na malori. Nimevuta gunia mwenyewe, vibarua wakipiga picha. Nyeusi, laini, inang'aa! Baba angelia. Nimemtumia Rodgers picha. Kajibu kwa kuuliza nani amechoma keki.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya ibada nimemwonyesha Sia picha. Kaikuza kwa vidole viwili. Kisha kaketi kwenye ngazi za kanisa na gauni lake jeupe.

Kaniuliza kama hiyo ni oili. Nikasema ndiyo, staili ya Kiingereza. Akasema Kaka Niko, hiyo ni staili ya watu waliokosa maji. Kule milimani hawakuwa na mipira ya kumwagilia wala mashine za kunyoa majani, ndiyo maana walitumia mchanga na oili. Uingereza mvua inanyesha mpaka watu wanaichukia, na grini ni majani, majani, majani! Akasema pale nimeua udongo, na bwawa liko hatua ishirini.

Miaka yote nilidhani navuta gunia la Malkia!

Sia kasema nimpigie laoban leoleo. Nikaahidi. Nikashika simu. Nikaona barua, mhuri mwekundu, miezi sita. Nikairudisha simu mfukoni. Jioni kaniuliza kama nimesema. Nikajibu nimeshamweleza, kacheka tu. Sia kafurahi, kaniambia mimi ni mtu wa kweli. Chakula nikamwachia Rodgers.

Jumatatu, 10 Novemba

Nina akili, tatizo watu hawajui. Nimekwenda Shahe, kule kwenye majengo ya nguo za bei poa, nikanunua mahameli ya kijani, majora manne. Mwenye duka kauliza nashona nini. Nikasema mapazia ya kanisa. Kauliza kanisa lina madirisha mangapi. Nikasema kumi na nane.

Rodgers kanikuta nayabeba ngazini. Kanisaidia majora mawili, halafu kaniambia kwa upole, Niko, chochote unachofanya, acha. Mara ya kwanza kuniita kwa jina bila kejeli. Ndiyo imenitisha kuliko yote.

Jumanne, 11 Novemba

Mahameli imetandikwa. Nimeibana pembeni kwa vigingi vya hema, nikaitoboa penye shimo na bendera, na kufukia ukingo kwa udongo. Ukiwa mbali ni grini. Ukiwa karibu ni sofa. Laoban karudi kachoka, nikamwambia oili nimeitoa, nimerudisha majani, kaitazamia mbali kwenye kigari chake, kainua kidole gumba. Mimi jasho linatoka mpaka kwenye kope.

Jumatano, 12 Novemba



Mwingereza anaitwa Mzee Adrian. Sabini na ushee, mrefu, kofia ya sufu, anatembea haraka kuliko mimi. Nilipanga aanze shimo la kumi na tukose muda wa kurudi. Akasema kiwanja kinasomwa kuanzia ukurasa wa kwanza. Basi, la kwanza. La pili. Mimi nahesabu kama mtu anayepelekwa kunyongwa.

Shimo la tatu katuonyesha shimo la mchanga lililoonekana limegusana na grini. Tulipofika, kumbe kati yake kuna hatua thelathini! Akasema limewekwa hivyo kudanganya macho, mtu apige fupi. La tano akasifu miti, akasema iachwe kwa makundi makundi, isipangwe mstari kama askari, ionekane imejiotea. La saba njia inazunguka bwawa. Akasema mtu mnyenyekevu atazunguka, atafika kwa mapigo mawili zaidi, salama. Lakini bwawa limechimbwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Yule mwenye majivuno, anayetaka kukata njia watu wamwone. Mchoraji mzuri hamsukumi mtu huyo, akasema, anamwachia nafasi tu.

Sia alikuwa anamtafsiria laoban. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Nani kamwambia huyu mzee habari zangu?

La nane. La tisa.

Mzee Adrian kaweka mpira ukingoni, kaugusa kidogo. Mpira ukateleza, ukateleza, ukaingia shimoni! Laoban kapiga makofi. Mzee kakunja uso. Akasema miaka hamsini hajaona grini laini hivi. Akapiga magoti kuchuma jani moja.

Akainuka na mita mbili za mahameli.

Chini yake, weusi wote ule. Suruali yake nyeupe magotini, nyeusi tii.

Laoban kauliza ni mtaalamu gani aliyeipitisha oili hii. Sauti ya chini, ndiyo mbaya zaidi. Msimamizi wa vibarua kakimbia getini, karudi na daftari. Mtaalamu wa udongo, mshauri mkuu, sahihi ya Sia. Laoban kamgeukia. Akasema atakiandikia chuo chake leo hii, waone wanamlipia nani masomo. Sia kanitazama mimi. Alikuwa ananisubiri, kwa sababu aliamini nilishasema.

Barua ilikuwa kwenye mkoba wa laoban. Nilishaiona asubuhi. Na mhuri tayari.

Nikasema ni mimi. Kwa Kiswahili, kwa hofu. Nikarudia kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili. Nikasema daftari niliandika mimi, huyu binti hakuwepo tulipofika shimo la tisa. Nikasema sikuwahi kuwa msimamizi wala mchoraji, nilikuwa navuta gunia kwenye mashimo ya oili Mufindi, na nilijua hivyo tu. Sia akatafsiri neno kwa neno huku machozi yanamtoka. Hakupunguza hata moja, mtoto yule.

Mzee Adrian kasema viwanja vya oili vilikuwepo kweli, kwa hilo huyu bwana hajadanganya. Kwa mengine yote, naam. Kisha kamuuliza Sia udongo ule unaponaje. Sia kajifuta uso, kaeleza dakika kumi. Mzee kamwambia laoban shida yake ni moja, na dawa yake imesimama mbele yake.

Laoban katoa barua mkobani. Kaichana mara nne, taratibu, vipande kavirudisha mkobani. Hataki takataka kwenye kiwanja chake.

Alhamisi, 13 Novemba

Sia kapewa mradi wa kutibu shimo la tisa, chuo kimekubali uwe sehemu ya masomo yake. Kanipigia simu. Kanitukana robo saa kwa lile la Jumapili, halafu kanishukuru robo saa. Nimelia. Rodgers kakata tiketi yangu, kafunga mabegi yangu, hata mzaha hakufanya. Nimemwachia blanketi langu zuri. Nyoka naye husikia baridi.

Jumapili, 16 Novemba

Uwanja wa ndege. Pasipoti imepigwa mhuri wa kutoka. Moyo mweupe! Nimeapa kwenye foleni, kuanzia leo Nikodemu anasema anachokijua tu.

Nyuma yangu alisimama mzee mmoja nadhifu wa Dodoma, anaitwa Abdulsamad, kaja kununua vyuma vya uzio. Anajenga hoteli, na kibali cha kufuga simba wawili ameshapata. Kilichobaki ni mtu wa kuwahudumia. Kila aliyemwendea kakimbia. Akasema vijana wa siku hizi waoga sana.

Waoga! Mbele yangu!

Nimemwambia Mufindi sisi simba tulikuwa tunawafukuza kwa ufagio. Kanishika mikono yote miwili. Naanza Jumatatu ya wiki ijayo, dume na jike, nyumba ndani ya uzio huohuo.

Nimemtumia Sia ujumbe. Simba ukimtazama machoni, anaogopa au anakasirika? Hajajibu, na mhudumu anasema tuzime simu. Si kitu. Nitaanza na jike. Wa kike huwa wananielewa.