Mashine ya Mbusa Imezaa Mji Kwenye Njia ya Ng'ombe Wetu

Kwako Papa Chefu Shyaka, mwenye kilima na watu wake,

Tu-tu-tu-tu-tu! Sauti hiyo ilinikuta malishoni, asubuhi ambayo Mbusa, mfanyabiashara wa Butembo, aliwasha mashine yake ya kusaga mahindi. Tangu hapo hata sala zangu zinafuata mwendo wake. Kwa niaba ya baba yangu, Rukundo, naomba uiondoe. Inatuzibia njia ambayo ng'ombe huteremkia mtoni, na njia ikifa, Baba atahamisha kundi lote, nasi nyuma yake. Malalamiko yetu ni haya:

1. Shuleni tulifundishwa kwamba viwanda huzaa miji. Hatukuambiwa kwamba mimba yake ni fupi kuliko ya mbuzi! Waliosubiri unga walisikia njaa, Mama Kavuo akaanza kukaanga mandazi. Walioshiba wakataka kunyolewa, kinyozi akaja. Walionyolewa wakajiona wazuri. Mpiga picha akaja. Picha zikaleta uchumba, uchumba ukaleta kanisa.

2. Kanisa limekaa katikati ya njia. Ng'ombe wetu hawajui kuzunguka. Wanaingia kwa mlango mkubwa, wanapita mbele ya kwaya, wanatokea nyuma. Jumapili Mama Kavuo alimpigia Baba kelele: "Papa Rukundo, ng'ombe zako zinapenda Mungu kukupita!" Baba hajacheka mpaka leo.

3. Wachimbaji wa madini wa Rubaya wanapandisha mizigo yao huku ili wapumzike "mjini". Mjini, Papa Chefu! Juzi ndama alinyonya pale ambapo leo wenye pikipiki wanaita abiria wa Pinga.

4. Mashine ikinyamaza, ng'ombe wanakataa kukamuliwa. Baba anawaimbia nyimbo za babu, wanamtazama kama mgeni.

5. Kwa mwendo huu kesho tutapata meya, keshokutwa msongamano wa magari, na wiki ijayo Goma yenyewe itakuja kuomba iwe mtaa wetu. Hatuna mahali pa kuiweka.

Basi uamuru mashine irudi Butembo, na mji uifuate kwa miguu.

Nakuaga kwa heshima. Unisalimie Mama Mukundwa, watoto, na wazee wote wa baraza.

Murekatete, binti ya Rukundo

N.B. Leo alfajiri nimeng'oa maharage yangu na kufungua njia nyingine ya mtoni, ng'ombe wameikubali. Katika zizi la ndama Mbusa ameshaweka mashine ya pili, ya kutengeneza jibini. Baba alishika upande mzito walipoiingiza. Anayeiendesha ni mimi.