Kompyuta Atafika Alhamisi

Jumatatu, 3 Julai 1972
Barua! Wapima ardhi wa Korogwe wanakuja kupima shamba letu la ujamaa hapa Kwedizinga. Imeandikwa: "Kompyuta atafika Segera Alhamisi. Mwandalieni mahali." Kompyuta! Ile mashine ya ajabu inayojua hesabu zote! Nani ataitunza? Mimi, Mhina, karani wa kijiji! Ila wasomi hawa Kiswahili kimewashinda. "Atafika"! Nimesahihisha kwa wino mwekundu: "itafika".

Jumanne, 4 Julai
Nimetoa mahindi yote ghalani. Mashine inataka nafasi. Sadala, mtunza ghala, amefura. Wivu tu! Kaniuliza kama hiyo kompyuta inakunywa dizeli. Sikujua. Nikamwambia inakunywa sana. Nimeagiza pipa.

Jumatano, 5 Julai
Mbuzi wamekula magunia mawili. Mwenyekiti, Mzee Mwinjuma, kasema mashine isipoonekana kesho, ukarani anachukua Sadala. Nimecheka! Nimechagua wanaume wanane wenye mabega. Kamba ipo. Turubai lipo. Usingizi haupo!

Alhamisi, 6 Julai
Segera, na lori la ushirika. Sadala naye kaja, eti kushuhudia. Basi la Korogwe likasimama. Akashuka mama mmoja mwenye miwani na kitabu kinene cha majedwali. Nikampita. Nikapanda juu ya basi kutafuta sanduku la mashine. Matenga ya kuku tu! Nikamfokea utingo: kompyuta iko wapi?

Yule mama akainua uso. "Kompyuta ni mimi, ndugu."

Kumbe ni cheo! Ni mtu wa kuwapigia wapima ardhi hesabu zao. Anaitwa Bi Hosiana, mwenyeji wa Kerenge. Wanaume wanane wakanitazama, kamba mikononi. Sadala akauliza, kwa adabu kabisa, kama tumfunge turubai.

Jumamosi, 8 Julai
Sadala ndiye karani. Haidhuru! Bi Hosiana amekubali kunifundisha ukompyuta. Penseli, majedwali, kiti chenye mto! Kanionya, lakini: Dar es Salaam imeletwa mashine, nayo inaitwa kompyuta, na kazi anayoifanya yeye mwezi mzima inaimaliza kabla ya chai. Anasema siku moja jina litabaki kuwa la mashine. Nimecheka hadi machozi. Mashine ichukue cheo cha mtu? Nimezunguka nyumba hadi nyumba kuwaelimisha wote: kompyuta ni mtu! Kisha nikaandika mlangoni kwangu, herufi kubwa: MHINA, KOMPYUTA. Rangi ya mafuta. Haifutiki milele!