Mpaka Uliopita Mlangoni pa Jiko

Kwa niaba ya Tume ya Pamoja ya Mpaka, ninayo heshima kuutangazia umma kwamba mstari unaotenganisha nchi ya Kaskazini na nchi ya Kusini umekamilika, umepakwa chokaa, na hauna kasoro yoyote. Ni sehemu moja tu inayohitaji maelezo, nayo ni ile inayopita katika nyumba ya Kanali Lysander Tolliver, hapa Kentucky, kati ya chumba cha kulia na jiko. Mimi, Lemuel Fitch, katibu wa Tume, nilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, na nitaeleza bila kutia chumvi.

Vita vilidumu miaka minne vikaisha bila mshindi. Majemadari wa pande zote mbili walikubaliana kwamba wamechoka, jambo ambalo askari wao walilijua zamani. Mkataba ukaandikwa: nchi zitakuwa mbili. Kusini mtu ataendelea kummiliki mtu mwenzake. Kaskazini hilo litakuwa kosa. Kilichobaki ni kuamua Kusini inaishia wapi, na kazi hiyo akapewa Kanali Tolliver, mwenyekiti wa Tume, kwa sababu ndiye aliyekuwa na ramani.

Kanali alikuwa na mashamba ya tumbaku. Baada ya kuitafakari ramani siku mbili, aliona kuwa masilahi ya mataifa yote mawili yanautaka mpaka upite ndani ya nyumba yake. Tumbaku ingeingia kwa mlango wa mbele ikiwa ya Kusini, ikatoka kwa mlango wa jikoni ikiwa ya Kaskazini, bila kumsumbua ofisa yeyote wa forodha. Nilimpongeza kwa uzalendo huo. Alikuwa amefikiria kila kitu cha upande wa jikoni: mlango, njia ya mkokoteni, hata ghala la nyuma. Hakumfikiria mpishi.

Mpishi alikuwa Keziah, mwanamke wa miaka hamsini hivi, ambaye Kanali alimrithi kwa baba yake pamoja na saa ya ukutani. Jumatatu asubuhi nilipiga magoti kizingitini nikapaka mstari wangu. Keziah alikuwa anakanda unga.

"Unanichafulia sakafu, Bwana Fitch," alisema.

"Naweka mpaka. Huko ulipo ni Kaskazini."

Aliendelea kukanda kidogo. "Tangu saa ngapi?"

"Tangu chokaa ikauke."

Akaja, akainama, akaigusa chokaa kwa kidole. Kisha akarudi kwenye unga wake.

Saa sita mchana Kanali aliketi mezani, upanga kiunoni, kwa kuwa tangu vita vianze hakuwahi kula bila upanga. Nyuma ya kiti alisimama Josiah, mume wa Keziah, ambaye kazi yake ilikuwa kumpakulia. Keziah akafika kizingitini na sinia la kuku wa kukaanga, akasimama.

"Lete," alisema Kanali.

"Siwezi, Kanali. Nikivuka hapo nitakuwa mali yako tena."

"Umekuwa mali yangu tangu nikiwa mtoto."

"Ndiyo. Mpaka leo asubuhi."

Kanali akanigeukia. Nilifungua mkataba nikamweleza kwamba kifungu cha sita kinaamuru kila mtumwa mtoro arudishwe, lakini Keziah hakutoroka. Alikuwa amesimama palepale anakanda unga wakati Kaskazini ilipomfikia. Kumvuta kwa nguvu kungekuwa uvamizi wa nchi jirani, na vita vingeanza upya.

"Vita kwa sababu ya mpishi?" aliuliza Kanali.

"Sababu ya vita vilivyopita, Bwana Kanali, bado tumeiundia kamati."

Akaagiza Josiah apokee sinia tu, bila mtu kuvuka. Ilinibidi nikumbushe kwamba kuku huyo sasa ni bidhaa ya nchi za nje, na ofisa wa forodha aliye karibu yuko mwendo wa siku mbili kwa farasi. Kuku akaliwa na Sajenti Dunphy, mtu mnene mwenye asili ya Ireland, aliyetumwa na Kaskazini kulilinda jiko. Alisema hajawahi kulinda mahali pazuri kama hapo.

Siku mbili Kanali alikula chakula alichopikiwa na Josiah kwenye moto wa sebuleni. Josiah ni mtu mwenye vipaji vingi, lakini alikuwa ameishi na Keziah miaka ishirini na saba na hakuwa na sababu ya kujifunza kupika. Aliunguza mkate wa mahindi, akaunguza na sufuria. Jumatano Kanali alisimama kizingitini akatoa uamuzi wake.

"Usipovuka kufikia Jumamosi, Josiah anauzwa Mississippi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Kanali," alisema Keziah. Mikono yake ilikuwa ndani ya beseni la vyombo, na kwa muda mrefu haikuosha chochote.

Jioni ile mume na mke waliketi sakafuni, chokaa katikati yao. Sajenti Dunphy alikaa pembeni, anaangalia ukuta kwa adabu.

"Ruka tu, mzee," Dunphy alinong'ona. "Ni hatua moja."

"Nikiruka, mimi ni mtoro," alisema Josiah. "Si ndivyo, Bwana Fitch? Kifungu cha sita."

Nilithibitisha.

"Basi nivuke mimi," alisema Keziah. "Bora utumwa wa wawili."

"Ukivuka nitakuacha, mke wangu. Naapa nitakuacha, nitafute mpishi mwingine."

Keziah alicheka, kisha akafuta macho kwa aproni. Halafu akaniomba nimsomee mkataba, wote, kuanzia juu. Nilifurahi sana, maana hata waliousaini hawakuwahi kuomba. Kwenye kifungu cha tisa akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu.

Alhamisi aliamka akaoka paja la nguruwe kwa asali ya miwa, akachemsha maharage, akatengeneza pai ya matufaha. Vyote akavipanga kwenye meza ndogo, hatua mbili tu ndani ya mlango, kisha akaenda kuchota maji. Kanali alipita mara moja. Akapita tena. Mara ya tatu hakupita; aliingia, upanga kiunoni.

Sajenti Dunphy alimshika bega wakati paja la nguruwe liko mdomoni.

Kifungu cha tisa kiko wazi. Ofisa wa Kusini akikutwa Kaskazini na silaha, bila kibali, ni mateka wa vita. Atazuiliwa palepale alipokamatwa, atapewa kazi nyepesi, na hataachiliwa ila kwa kubadilishana. Kanali alisema kifungu hicho kimeandikwa na mpumbavu. Nilimwonyesha saini yake.

Keziah akampa beseni la viazi. Kanali alimenya kama mtu anayechonga kigingi. Kila kiazi kilitoka kidogo kama zabibu.

"Bei yake ni nini huyu?" aliuliza Keziah.

Nilifungua jedwali la mkataba la kubadilishana mateka. Sajenti hubadilishwa kwa watu wawili, kapteni kwa sita, kanali kwa kumi na watano.

"Limesema askari, au watu?"

Nilitazama vizuri. "Watu."

"Upande wa Kusini wamebaki kumi na watano," alisema. "Ukimhesabu na mtoto wa Tempie aliyezaliwa Jumapili."

"Mtoto mchanga ni nusu," alisema Kanali.

"Jedwali halina nusu, Bwana Kanali," nilimjibu.

Dunphy akakuna shingo. "Mjini nilisikia kwamba huyu bwana alikuwa kapteni tu. Kama ni kapteni, anatoa sita, mambo yanaisha."

Niliona Kanali akipiga hesabu, na niliona hesabu ikigonga kitu kigumu ndani yake.

"Mimi ni kanali," alisema.

"Ni kanali kabisa," alisema Keziah. "Nyota zake nilizishona mimi."

Lilibaki suala moja la kiutaratibu. Kwa sheria ya Kusini mtumwa ni mali, na jedwali halipokei mali. Kwa hiyo Kanali alitakiwa kuthibitisha kwa mkono wake, mara kumi na tano, kwamba huyu ni mtu. Alikataa Alhamisi yote. Ijumaa Keziah alimwongezea viazi gunia zima. Mchana Kanali akaomba kalamu.

Fomu ilitaka majina kamili. Kanali alimjua Josiah, na mwingine aliyemwita Kiwete. Waliobaki Keziah alimtajia mmoja mmoja, taratibu, jina la mtu na la ukoo, na Kanali akaandika: ni mtu, ni mtu, ni mtu. Alipofika kwa mtoto wa Tempie mkono ulikuwa umemkakamaa. Walivuka kizingiti kwa mstari, Josiah wa kwanza. Keziah alimshika mkono hakuuachia, hata walipopanda mkokoteni wa tumbaku uliokuwa umeegeshwa upande wa Kaskazini.

Kanali alirudi chumba cha kulia akaketi mezani. Baada ya muda akaniuliza kama najua kahawa inachemshwaje.

Nilimjibu kwa heshima zote kwamba suala hilo liko nje ya mamlaka ya Tume.