Kigoda cha Jaha

Dodoma, Jumatatu, 3 Juni 1912
Nauza samli, nami nimekonda kama mpini wa jembe. Wateja hunitazama, kisha huvuka njia kwenda kwa Athuman, muuza samli mwenzangu. Leo nimepata akili! Nimemkalisha binti yangu Jaha, miaka minane, kwenye kigoda mlangoni pa duka. Mnene, anang'aa. Kila akipita mtu, namlambisha Jaha kijiko. Vibuyu vitatu vimeondoka kabla ya adhuhuri.

Alhamisi, 6 Juni
Athuman hana haya. Kamkalisha mama mkwe wake! Bibi yule anajaza mlango mzima. Nimeongeza vijiko. Mke wangu Batuli anasema Jaha anakoroma na magoti yanamuuma. Nikamjibu kwamba ndiyo afya yenyewe hiyo. Sijui jibu hilo nililitoa wapi.

Jumamosi, 8 Juni
Gari la moshi likapiga filimbi. Watoto wote mbio stesheni, Jaha nyuma yao. Hakufika hata kisimani. Nilimkuta kakaa chini, midomo imebadilika rangi, pumzi haimtoshi. Akaniuliza kwa nini wenzake wanafika na yeye hafiki. Niliogopa mno. Nililia mbele za watu.

Jumapili, 9 Juni
Daktari kasema moyo wa Jaha unafanya kazi ya watoto wawili. Samli basi, na kila asubuhi aende mtoni na kurudi. Nikaitikia. Lakini akikonda, duka je? Nimeazima punda. Daktari alisema aende mtoni, hakusema kwa miguu ya nani.

Jumatatu, 10 Juni
Punda kagoma mbele ya nyumba ya daktari, Jaha yuko mgongoni. Kalala kabisa! Daktari akatoka. Batuli naye akafika. Aliyoniambia Batuli siyaandiki. Anampeleka Jaha kijijini Haneti kwa bibi yake, akachunge ndama.

Ijumaa, 6 Septemba
Jaha karudi! Kapungua, anacheka, anakimbia mpaka stesheni na kurudi. Nimemshukuru Mungu kwa machozi. Nikamwapia Batuli kwamba Jaha hataonja tena samli ya duka.

Kisha nikamtazama mdogo wake Adija, miezi tisa. Mashavu ya kutia matumaini! Nikamkalisha kigodani, nikamwambia Batuli mtoto anaota jua. Jaha akanipokonya kijiko, akatimua mbio. Nikamfukuza. Nilifika kisimani tu, nikakaa chini, nahema.

Kesho nitanunua kijiko kingine.