Nilivyostaafu kwa Wiki Moja

Jumatatu, 3 Juni

Mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwezi na hakuna aliyefungua mdomo. Miaka kumi na minne nacheza mbele katika timu hii! Leo kocha kampa Kiberiti, binti wa miaka kumi na tisa, penalti zote za mazoezini. Mimi kaniambia nikusanye koni. Nimezikusanya kwa hadhi.

Nataka musimu mmoja tu zaidi. Sijui kazi nyingine na sitaki kuijua. Basi nimepata wazo: nitatangaza kwamba nastaafu. Watanipigia magoti nibaki.

Jumanne, 4 Juni

Nimemnong'oneza katibu wa klabu kwamba nastaafu, nikamwapisha asimwambie mtu. Katibu hana kifua, ndiyo maana nikamchagua. Sijamaliza kufunga kamba za viatu, timu nzima inajua.

Nikakaa chumba cha kubadilishia nguo, uso nimeununisha, nasubiri kubembelezwa. Kipa akasema hongera. Mtunza jezi akauliza ufunguo wa kabati langu nitaurudisha lini. Kocha akanikumbatia, muda mrefu kupita kiasi, akasema huo ni ushujaa, wengine mpaka wasukumwe. Nikasema asante. Ningesema nini?

Jumatano, 5 Juni

Mambo yanakwenda mbio mno. Picha yangu iko getini: "Asante Dada Mkubwa". Ya miaka tisa iliyopita, nimefumba macho. Jumamosi ni mechi ya kuniaga!

Mama kapiga simu, anamshukuru Mungu. Kaniombea nafasi dukani kwa shangazi, kuuza mapazia. Mapazia! Nimekosa usingizi wa mchana.

Kiberiti naye kaja, shikamoo dada, anaomba jezi yangu namba tisa. Nikamwambia nitalifikiria. Akasema kocha ameshampa, amekuja kwa heshima tu.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa pili. Nimeandika barua ya mashabiki wakinisihi nisiondoke. Saini ishirini na mbili, kila moja na ujumbe wake mfupi, nyingine kwa mkono wa kushoto. Nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni.

Katibu kaisoma kwa sauti wakati wa chakula cha mchana. Kocha akasema ajabu, mashabiki wote ishirini na mbili wanaandika "musimu", kama mtu mmoja anayemfahamu. Meza nzima hoi kwa kicheko. Nami nikacheka, tena kuliko wote.

Jumamosi, 8 Juni

Benchi mpaka dakika ya themanini, hakuna bao. Nilipoingia, uwanja mzima ukasimama kunipigia makofi. Machozi yakanitoka, na safari hii sikuigiza. Naupenda mchezo huu jamani, naupenda mpaka naumwa.

Nikageuka kuwapungia. Papo hapo Kiberiti akapiga krosi, mpira ukanigonga kisogoni, ukatinga wavuni. Bao! Nikashangilia kama nililipanga tangu utotoni. Kiberiti akanirukia mgongoni, akanipigia kelele sikioni nisiondoke, yeye atacheza na nani? Binti mzuri yule. Nilikuwa namsema bure.

Baada ya mechi kocha kaniita ofisini. Akasema kama nimebadili mawazo, msimu mmoja upo, nije kusaini Jumatatu saa tatu asubuhi. Akaongeza: bila vituko. Nikaapa kwa jina la mama.

Jumatatu, 10 Juni

Sikwenda kusaini. Jana nimetafakari kutwa nzima. Ukionekana una haraka ya kalamu, wanakupa msimu mmoja. Ukiwaringia kidogo, wanakupa miwili, pengine na unahodha!

Kwa hiyo saa mbili nikamnong'oneza katibu kwamba kuna klabu ya ng'ambo inanitaka kufa na kupona. Nikamwapisha asimwambie mtu. Nikarudi nyumbani, nikaweka simu mezani, nikajipikia chai.

Saa tatu na nusu ujumbe wa kocha ukaingia. Anasema hongera sana, hawezi kunizibia riziki, mkataba ameshauchana. Kiberiti amelia lakini ameelewa. Kila la heri huko niendako.

Safi kabisa. Wameshaanza kutetemeka.